Kabla ya Kuuliza Kodi, Uliza Mita Iko Wapi

Haya jamani, nimehama. Wale mliozoea kuniona usiku nikikimbizana na daladala ya mwisho ya Fuoni, habari ndiyo hiyo. Tangu Machi naishi Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, upande wa Mkunazini, kwenye nyumba ambayo ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumpa jirani wa ng'ambo ya pili kikombe cha chai.

Sababu ni kazi. Gazeti hufungwa usiku, na ukishatoka chumba cha habari saa nne au saa tano hakuna gari ya kukurudisha kwenu, labda bodaboda, na bodaboda ya kila usiku inakula mshahara kabla haujafika. Nikaona bora nikodi karibu na kazi.

Nikahama na hesabu zangu kamili. Kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wetu. Ya dalali, mwezi mmoja. Godoro, jiko la gesi, pazia, ndoo. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari. Halafu chini kabisa nikaandika mstari mmoja: umeme na maji, kidogo tu.

Mstari huo wa "kidogo tu" ndio ulionifanya nikae leo niandike haya.

Nyumba yetu ina wapangaji watatu. Chini anakaa Bi Mkubwa mmoja, mjane, anayepika vitumbua alfajiri na kuviuza. Kati wanakaa bwana mmoja na mkewe na mtoto wao. Juu niko mimi. Mwenye nyumba yuko Maskati, shughuli zake zinasimamiwa na mpwa wake. Na mita ya umeme ni moja, iko ukumbini chini, karibu na mlango. Ni ya TUKUZA, hii ya kulipa kabla ya kutumia, ambayo ndugu zetu wa Bara wanaijua kwa jina la LUKU.

Nilipoonyeshwa nyumba nilitazama madirisha, nikatazama choo, nikatazama kama paa linavuja. Mita niliipita kama ninavyopita picha ya ukutani. Dalali akaniambia, "Umeme mnachangiana tu, hapa watu wanaishi kwa wema." Nikafurahi. Nani asiyependa kuishi na watu wa wema?

Utaratibu ulikuwa hivi: kila tarehe mosi, kila mmoja anatoa shilingi 20,000, zinapewa bwana wa kati, yeye ananunua umeme kwa simu na kubonyeza namba kwenye mita. Elfu sitini, nyumba nzima, mwezi mzima.

Mwezi wa kwanza umeme ulikwisha tarehe 23, saa tatu usiku, nikiwa katikati ya habari niliyotakiwa kuituma. Giza. Tukatoka sote ngazini na mwanga wa simu, tukaulizana, tukacheka, tukachanga tena. Mwezi wa pili ulikwisha tarehe 20. Safari hii hatukucheka. Mwezi wa tatu tukaanza kutazamana.

Ndugu yangu, kama hujawahi kuishi kwenye mita ya watu watatu hujui shetani anavyoingia ndani ya nyumba. Bwana wa kati akasema friji langu bovu. Mimi nikasema televisheni yake hailali. Mkewe akipiga pasi, mimi juu nahesabu dakika. Mimi nikiwasha feni mchana, mtu chini anakohoa.

Na liko moja ambalo naona haya kuliandika, lakini nitaliandika. Siku moja nilimwambia bwana wa kati, kwa mdomo wangu huu, kwamba pengine Bi Mkubwa anapikia vitumbua vyake jiko la umeme wakati sisi tumelala. Sikuwa na ushahidi wowote. Mimi, mwandishi wa habari, niliyefundishwa chuoni kuwa usiandike jambo mpaka ulithibitishe mara mbili, nilimsingizia mama wa watu kwa sababu tu yeye alikuwa hasemi kitu. Kila tarehe mosi alitoa elfu ishirini yake, noti ndogo ndogo zenye harufu ya iliki, akarudi chumbani kwake.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala ya hasira kuhusu wapangaji wanaowanyonya wenzao umeme. Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari. Kabla sijaimaliza, fundi mmoja wa umeme niliyemwita kutengeneza soketi akaniuliza swali la kitoto: "Kwa nini msifunge mita ndogo kila ghorofa mkaona wenyewe?"

Mita ndogo ni kitu cha kawaida. Haihusiani na shirika, hailipwi token. Inafungwa ndani, baada ya mita kubwa, na kazi yake ni kuhesabu tu umeme unaopita kwenda upande wako. Tukachangishana, fundi akafunga tatu, na tarehe mosi Julai tukaandika namba za kuanzia kwenye karatasi ukutani.

Tarehe 31 tukasoma. Katika kila uniti 100 zilizotumika nyumbani mle, Bi Mkubwa alitumia 10. Bwana wa kati na familia yake, 38. Mimi, mtu mmoja, 52.

Someni tena. Mimi peke yangu nilikuwa natumia zaidi ya nusu ya umeme wa nyumba, na nalipa theluthi. Mjane muuza vitumbua alikuwa anatumia sehemu moja ya kumi, naye analipa theluthi hiyo hiyo. Ile makala yangu ya hasira kuhusu wanyonyaji ilikuwa inanihusu mimi.

Niliwezaje? Fundi alinifanyia hesabu ambayo mtu wa chuo kikuu nilipaswa kuijua. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya wati 10 unaiwasha saa 100 ndipo inakula uniti moja. Feni ya wati 70 itakwenda saa 14 hivi. Lakini ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, ya wati 1,500, inamaliza uniti kwa dakika 40. Mimi nilikuwa naoga maji ya moto asubuhi na usiku, Unguja hii hii, kwa sababu nilizoea hivyo hosteli. Ongeza friji la mtumba lenye mpira wa mlango uliochoka, ambalo linakaa linanguruma usiku kucha kama mgonjwa. Halafu pampu ya maji. Pampu ya hospawa moja inakula kama robo tatu ya uniti kwa saa, na kazi yake ni kupandisha maji kwenye tangi la juu. Nani anayetumia tangi la juu? Mimi na wa kati. Bi Mkubwa anakinga mfereji wa chini kwa ndoo yake. Hata pampu alikuwa anatulipia.

Nikashuka kwenda kumwambia. Nilikuwa nimepiga hesabu kwenye karatasi: tukichukulia kwamba ile miezi minne ya mwanzo tulitumia vile vile, alipaswa kulipa 6,000 kwa mwezi badala ya 20,000. Kazidisha 14,000 kila mwezi, jumla 56,000. Katika hizo, deni langu ni 44,800 na la wa kati ni 11,200.

Nilidhani atashangaa. Hakushangaa. Akanambia, "Mwanangu, taa yangu moja na redio yangu nazijua. Lakini ningesema nini, nanyi watu mliosoma mnagombana ngazini kila siku? Mngenambia sijui hesabu."

Nikampa fungu la kwanza. Akalihesabu, akalifunga kwenye pembe ya kanga. "Hii haki yangu, naipokea," akasema. Hakusema si neno, hakusema nimesamehe. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana sikukaa kuwasimulia mambo ya nyumbani kwangu ili mcheke tu.

Hoja yangu ni kwamba katika mji huu mita moja kwa wapangaji wengi ni dhulma, na tumeipamba kwa jina la wema. Tunasema "tunachangiana". Kuchangiana ni jambo jema pale ambapo kila mtu anajua anachangia nini. Kugawa sawa kitu ambacho hakitumiwi sawa maana yake ni kwamba anayetumia kidogo anamlipia anayetumia kingi. Na mara nyingi anayetumia kidogo ndiye mwenye kidogo. Mwenye friji, pampu na hita ni yule mwenye mshahara. Mwenye taa moja ni yule asiye nao.

Haya hayakuanza jana. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa kwa ajili ya familia moja. Tajiri na watu wake, bohari au duka chini, wao juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali zikagawiwa, familia tatu, nne, tano chini ya paa moja. Nyingine ni za Wakfu, nyingine za watu binafsi walio mbali. Watu waliongezeka, kuta za mbao zikaongezeka, milango ikaongezeka, lakini mara nyingi njia ya umeme ilibaki ile ile moja inayoingia mlango mkubwa. Mji umekuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, watalii wanapiga picha milango, na nyuma ya mlango kuna watu watatu wanagombania mita.

Maji nayo yana historia yake. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayekumbukwa kwa kuleta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Kwa miaka mingi baadaye maji tuliyahesabu kama kitu cha bure, mpaka Sheria ya Maji ya 2006 ilipoanzisha Mamlaka ya Maji, ZAWA, na suala la kuchangia huduma. Wazee wetu walikuwa hawana sababu ya kuweka maji kwenye bajeti. Sisi tunayo, lakini bado tunaandika "kidogo tu".

Na ndani ya nyumba ya ghorofa, maji ni umeme. Hilo watu wa umri wangu tulifundishwa na maisha. Mei 2008 hitilafu kwenye njia ya umeme kutoka Bara iliiacha Unguja nzima gizani kwa karibu mwezi mmoja. Nilikuwa mtoto wa skuli ya msingi. Sikumbuki giza sana, nakumbuka ndoo. Umeme ulipokatika pampu za visima zilisimama, na maji yakawa ni kazi ya watoto. Haijapita miaka miwili, ikarudi: Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Waya wa zamani wa baharini, wa Ras Kiromoni mpaka Fumba, ulikuwa wa tangu 1980. Mwaka 2013 ukazinduliwa mpya wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani, na hali ya giza la miezi ikawa hadithi. Lakini fundisho lile tumelisahau haraka: anayekupa nyumba ya ghorofa bila kukwambia pampu inalipwa na nani, hajakwambia bei ya nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Bara, TANESCO ina daraja la bei ya chini kwa nyumba ambayo haizidishi uniti 75 kwa mwezi. Kenya nao, tangu 2023, wana bei nafuu kwa anayetumia uniti zisizozidi 30. Nia ya bei za namna hii ni kumsaidia mtu kama Bi Mkubwa. Sasa mtu kama yeye akiwekwa mita moja na mtu kama mimi, jumla yetu inapanda, na nafuu yake imekwenda. Msaada umeandikwa kwa ajili ya maskini, mita ya pamoja inauzuia mlangoni.

Najua mtanipinga. Nimeshazisikia hoja barazani.

Wa kwanza atasema ujirani si wa kuhesabiana. Nami namjibu: tulipokuwa hatuhesabiani ndipo tulipokuwa tunachukiana. Tangu mita ndogo zifungwe, hakuna aliyekohoa ngazini. Mke wa bwana wa kati juzi kaniletea sahani ya boko boko. Kabla ya Julai asingenipa hata chumvi.

Wa pili atasema mita tofauti ni gharama, na nyumba za mawe nyaya zake ni za zamani. Kweli. Mita kamili ya shirika kwa kila mpangaji ina gharama na utaratibu wake. Lakini mita ndogo haihitaji kubomoa ukuta. Sisi tulifunga tatu kwa siku moja, na kwa pesa ambayo, tukigawana, haikufika kodi ya wiki moja ya chumba changu. Na kama nyaya ni za zamani kiasi cha kutoweza kubeba mita ndogo, basi hizo nyaya haziwezi kubeba na watu. Fundi azitazame kabla hazijawaka.

Wa tatu ni mwenye nyumba. Huyu ndiye mwenye ufunguo. Mkataba wetu unakwisha mwisho wa mwezi huu, na nimemwomba mpwa wake kitu kimoja: mkataba mpya uwe na mstari unaosema kila mpangaji atalipa kwa mita yake ndogo, na pampu italipwa na ghorofa zinazotumia tangi. Jibu lake? "Mkianza kuandikishana hayo, na kodi nayo itapanda." Sijui itakwishaje. Ikipanda sana nitahama, kijana asiye na mke anahama na begi. Bi Mkubwa amekaa mle miaka 19. Yeye atahamia wapi na karai lake la vitumbua?

Ndiyo maana nasema hili lisiachwe kwenye wema wa mtu mmoja mmoja. Mikataba yetu ya kodi mara nyingi inapita kwa sheha. Itiwe mistari miwili tu: mita iko wapi na nani analipa nini. Haigharimu kitu zaidi ya wino. Mwenye nyumba asiyetaka kuandika hilo, kuna sababu hataki.

Na wewe kijana mwenzangu unayetafuta nyumba, iwe Mji Mkongwe, Michenzani, Mwanakwerekwe au Mbweni, kabla hujampa dalali hata senti uliza haya:

Mita ni ya nani, na ina watu wangapi nyuma yake? Mwambie akuoneshe, usikubali kuambiwa.

Kuna deni? Namba ya mita unaweza kuiulizia ofisi ya umeme. Na maji vile vile.

Maji yanafikaje ghorofani kwako? Kama ni pampu, imeunganishwa mita ipi? Tangi ni lita ngapi, na la nani?

Umeme ukikwisha usiku nani ananunua, na akinunua anarudishiwaje?

Yaandike majibu. Mkumbushe dalali kwamba wema hauzuii kalamu.

Daftari langu la sasa, kwa anayetaka kulinganisha, linasomeka hivi kwa mwezi: umeme 25,000, maji na sehemu yangu ya pampu 10,000, gesi 20,000 (naweka kidogo kidogo, mtungi wa kilo 15 ukiisha usinikute mtupu), bando la intaneti 30,000, taka na taa ya ngazini 5,000, na 10,000 ya dharura ambayo sigusi. Jumla laki moja kamili. Ile "kidogo tu" niliyoandika Machi, laki moja. Hita nimeiuza. Friji nimelibadilisha mpira. Maji ya baridi ya asubuhi yanaamsha akili kuliko kahawa, amini usiamini.

Deni la Bi Mkubwa limebaki 14,800. Nalimaliza mshahara ukiingia.

Nawe mwenzangu, mita ya kwenu iko wapi, na nani anakulipia bila wewe kujua?

Naomba kuwasilisha.